Kobe Aongeza Mwendo

Jina la Kobe hakujipa mwenyewe. Alipewa na abiria wake, na ungemuuliza angekwambia kwamba wa kulalamika walikuwa kobe wenyewe. Maisha yake yote ya kazi aliendesha basi la wafanyakazi wa kiwanda cha sabuni, asubuhi kuwapeleka, jioni kuwarudisha, na hakuwahi kugonga hata kuku. Angewagongaje, na kuku walikuwa na nafasi ya kuvuka, kusimama, kufikiri, kisha kuvuka tena? "Dereva," abiria wakimpigia kelele, "nyuma kuna konokono anapiga honi, mpe njia apite!" Basi zima linaangua kicheko, na Kobe anacheka kuliko wote, halafu anasogea pembeni kidogo ili konokono apite vizuri.

Alipostaafu, kiwanda kilimzawadia saa ya ukutani. Jamani, saa! Kobe akaipokea kwa mikono miwili, akashika kipaza sauti, akasema: "Nashukuru sana. Sasa nitajua nimechelewa kiasi gani." Watu walicheka mpaka meneja akafuta machozi. Basi mtu wa namna hiyo, ukiambiwa ndiye aliyeongeza mwendo wa kompyuta kwa mkono wake mwenyewe mpaka ikazimia, utaamini? Yeye mwenyewe kila akijisimulia alikuwa haamini.

Nyumbani walikuwa watatu: yeye, mama yake mzazi ambaye nyumba nzima ilimwita Bibi, na binti yake wa pekee. Mke wake alikwishatangulia mbele ya haki siku nyingi. Binti alikuwa mchoraji wa nyumba. Nyumba zenyewe hazijajengwa bado, lakini yeye anazichora kwenye kompyuta mpaka mwenye kiwanja anaona jua litakavyoingia dirishani kabla hajachimba msingi. Kazi hiyo aliifanyia sebuleni, kwenye kona karibu na dirisha, penye kompyuta kubwa ya mezani yenye sanduku jeusi lililokuwa likivuma kutwa.

Akimaliza kuchora, ilibidi kompyuta ibadilishe ile mistari iwe picha kamili, yenye vivuli na mwanga kama ya kamera. Yeye alikuita huko "kupika". Kupika kulikuwa na muda wake. Sanduku linavuma, kioo kinaganda, na mtu hawezi kugusa kitu mpaka chungu kiive. Basi binti anasukuma kiti nyuma, anajinyoosha, anauliza, "Baba, chai ipo?"

Kama ipo? Ilikuwa ipo tangu zamani. Kobe alikwishaijua sauti ya ule mvumo kama alivyokuwa akiijua injini ya basi lake, na ukipanda tu, yeye yuko jikoni anatafuta sinia. Wanakunywa, na yeye anamsimulia habari za basi. Kulikuwa na mhasibu aliyelala kila siku hadi kituo cha mwisho, akiamka anamlaumu dereva kwa kumpitiliza. Kulikuwa na mabibi harusi wawili walioolewa siku moja na kugombania kiti cha dirishani. Binti anacheka, anauliza, "Ikawaje?" Picha ikiiva anageuza kiti, na Kobe anakusanya vikombe. Muda ule hakuwahi kuupa jina. Ulikuwa tu wakati wa chai.

Siku moja alikuwa nje ya dirisha anaanika nguo, akamsikia binti yake akiongea kwenye simu na rafiki yake wa mjini. "Hiyo meza kwenye ofisi yenu bado ipo?... Ndiyo, na chumba tutagawana, nimeshachoka kukaa huku pembeni ya mji... Eeh, na hii kompyuta nayo! Picha moja nusu siku."

Shati lilimdondoka Kobe mkononi. Binti anahama! Akabaki ameshika kibanio cha nguo, moyo unamwenda mbio kuliko basi lake lilivyowahi kwenda. Halafu sikio lake likafanya kazi ambayo masikio ya wazazi huifanya vizuri sana: likachukua sentensi ya mwisho, zile nyingine likaziacha zianguke na shati. Kumbe tatizo ni kompyuta! Kompyuta ingekuwa na mwendo, mtoto angehama aende wapi?

Angeuliza tu. Mdomo alikuwa nao, na binti alikuwa hatua chache nyuma ya ukuta. Lakini Kobe alikuwa na kisebusebu na kiroho papo. Aliokota shati, akaliosha upya, na kesho yake akashika njia hadi kibandani kwa Mama Waya, fundi wa mtaa, mwanamke aliyetengeneza kompyuta, redio, pasi na chochote chenye waya.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, fundi. Nataka kuongeza mwendo wa kompyuta."

Mama Waya akaweka chini pasi aliyokuwa anaifungua. "Kompyuta ya nani?"

"Ya binti yangu."

"Mwenyewe anajua?"

"Atajua ikishakimbia."

"Mzee, hapa mtaani wanakuita nani?"

"Kobe."

"Na umekuja kwangu kuulizia mwendo."

"Ndiyo maana nauliza. Ningekuwa naujua ningekusumbua?"

Mama Waya alicheka mpaka akashika meza. Lakini alikuwa mtu mwema, na ile kompyuta ya binti aliifahamu ndani na nje, maana aliiunganisha mwenyewe. Akamweleza polepole. Ndani ya sanduku kuna prosesa, ndiyo inayofanya hesabu zote. Hiyo prosesa inakwenda kwa mapigo, na kuna namba inayoamua mapigo yawe ya kasi gani. Kwa bahati ya Kobe, au kwa nuksi yake, prosesa ya binti ilikuwa ya zile ambazo kiwanda hakikuzifunga namba, kwa hiyo mwenye mashine anaweza kuipandisha kwa mkono.

"Panda ngazi moja, kisha pima," Mama Waya akasema. "Ikitulia, panda nyingine. Ikianguka, ongeza umeme kidogo, lakini kidogo kweli, au rudi chini. Umeme unaleta joto, na joto likipita nyuzi tisini, acha. Na la mwisho, mzee, hebu nitazame. Ipime katika hali ileile itakayofanyia kazi. Chumba kilekile, mfuniko uleule, jua lilelile la mchana. Ukiidanganya, na yenyewe itakudanganya."

"Sawa, sawa, sawa," akasema Kobe. Mtu akikuitikia mara tatu, ujue kuna moja halikuingia.

Alisubiri binti aende kiwanjani kwa mteja. Akavaa miwani, akakaa kwenye kile kiti kama dereva mpya siku ya kwanza, akarekebisha kiti, akatazama kulia na kushoto, Mungu ni shahidi, akatafuta hata kioo cha nyuma. Akawasha mashine huku anabonyeza kitufe mfululizo kama alivyofundishwa, ili aingie kwenye ukurasa wa mipangilio kabla haijaamka vizuri. Akaiona namba. Akaipandisha ngazi moja. Akawasha programu ya kupima, ile inayoipa prosesa hesabu ngumu mfululizo bila kupumzika ili ionekane kama itakosea. Haikukosea. Akapanda ya pili. Haikukosea.

Sasa mchovya asali hachovyi mara moja. Mtu ambaye hajawahi kulipita hata lori la mchanga maishani mwake alionja mwendo siku hiyo, na ukampanda kichwani. "Ngazi mojamoja ni ya waoga," akajisemea, na akapanda tatu kwa mpigo.

Kompyuta ikanyamaza. Feni zake zinazunguka, kioo cheusi ti. Akazima, akawasha. Cheusi. Akaipiga kofi dogo la upendo. Cheusi. "Kubwa jinga wewe," akajiambia kwa sauti, "umezeeka na akili zako zote, leo umeua kompyuta ya mtoto." Akaling'oa sanduku, akalizungushia shuka kama mgonjwa wa homa, akalipakia kwenye gari lake kuukuu, na akaliendesha hadi kwa Mama Waya kwa mwendo ambao hata mazishi yangeomba njia yapite.

Mama Waya alifungua sanduku, akachomoa kibetri cha duara kidogo kama kitufe cha koti, akasubiri, akakirudisha. Mashine ikaamka na namba yake ya kiwandani, haina habari na lolote lililoipata.

"Ukikitoa inasahau yote," akasema fundi.

"Hicho kibetri," akauliza Kobe, "vya watu vipo?"

Kuanzia hapo alirudia ukobe wake. Ngazi moja, anapima. Nyingine, anapima. Kila binti akitoka, baba yuko ukurasani. Ilipofika ngazi ya nne programu ikakosea hesabu, ikasimama. Akaongeza umeme kidogo. Ikaendelea, lakini joto likaanza kupanda: themanini, themanini na tano, themanini na tisa. Kobe akakuna kichwa. Angerudi chini ngazi moja, hadithi hii ingeishia hapa na yeye angekuwa mtu mwenye akili.

Lakini macho yake yakaangukia mlango wa chumba cha Bibi, na nyuma ya mlango ule palikuwa na feni ndefu ya kusimama.

Akaingia kwa kunyata. Bibi alikuwa amelala usingizi wa mchana. Akaichomoa, akaibeba kama mwizi wa kuku, akafungua ubavu wa sanduku na kuielekeza feni ndani, namba ya mwisho, karatasi za sebuleni zote zikapaa. Joto likashuka hadi sabini. Programu ikaenda alasiri nzima haijakosea hata hesabu moja. Kobe akacheza peke yake katikati ya sebule, mikono juu, magoti yakilia.

"Mwanangu," sauti ya Bibi ikatoka chumbani, "feni yangu imekwenda wapi?"

"Inauguza mgonjwa, mama."

"Nani anaumwa?"

"Lala tu, mama. Anaendelea vizuri."

Binti aliporudi, Kobe alikuwa amesimama karibu na meza kama mkaguzi. "Hebu pika kitu," akasema. Binti akamtazama, akaweka picha ndogo ya jiko la mteja, akasukuma kiti nyuma, na kabla hajafungua kinywa kuulizia chai, picha ikaiva.

"Ala! Baba, umefanya nini?"

Kobe akamweleza, kifua mbele, kasoro vitu viwili: lile shuka la mgonjwa, na feni. Kuhusu feni alisema Bibi ameikataa kwa sababu inampa mafua. Kuhusu ule ubavu ulio wazi alisema ni mtindo wa kisasa. Binti akamkumbatia. "Umeipima, lakini?"

"Nimeipima alasiri nzima."

Na hakusema uongo. Ndilo lililokuwa linamsumbua baadaye akikumbuka, kwamba pale hakusema uongo hata kidogo.

Basi Kobe akashika njia ya jikoni, akapanga vikombe, akarudi na sinia. Binti alikuwa hajageuza kiti. Picha ya pili ilikwishaiva, ameanza ya tatu. "Weka hapo, baba, asante," akasema, akanywa macho yakiwa kwenye kioo. Kobe akakaa kwenye kiti chake na hadithi yake mdomoni, ya siku konokono alipompita kweli, akangoja mvumo upande. Ukapanda, ukashuka, hapakuwa hata na nafasi ya kukohoa. Ikawa hivyo siku ile na zilizofuata. Chai ya Kobe ilikuwa inapoa, anaimalizia peke yake jikoni akiwa amesimama. "Hongera, Kobe," akajiambia. "Kwa mara ya kwanza umewahi, na hakuna aliyekungoja."

Lakini alijikaza kisabuni. Binti hajahama, ndilo la muhimu. Siku hizo hali ya hewa ilikuwa na huruma, mawingu na kaupepo, na Bibi akavumilia bila feni huku akinung'unika.

Halafu likaja jua. Na siku lilipokuja, ndiyo siku binti alipokuwa na kazi kubwa kuliko zote alizowahi kupata: si picha moja, ni filamu fupi ya mtu anatembea ndani ya nyumba, chumba kwa chumba, mamia ya picha zinazofuatana. Mteja na mkewe wangeitazama jioni hiyohiyo. Asubuhi akaiweka jikoni, kama mwenyewe alivyozoea kusema, akachukua mkoba wake. "Baba, naenda kiwanjani kupima kitu, narudi. Ilinde. Ukiona chochote, nipigie."

"Nenda tu. Iko mikononi mwangu."

Hakuwa amefika mbali, mlango wa Bibi ukafunguka. Akatoka na fimbo yake, jasho linamtiririka, akaenda moja kwa moja ukutani na kuchomoa plagi.

"Mama! Nakuomba. Leo tu."

"Leo ndiyo ninayoitaka."

"Mama, kazi ya mtoto itaharibika."

"Mimi nilikubeba tumboni miezi tisa," akasema Bibi, akaikumbatia feni. "Hilo sanduku lilikubeba wapi?"

Bibi hakurudi hata chumbani. Aliketi palepale sebuleni, akajielekezea upepo, akafumba macho kwa raha. Na kwenye kona ya kioo Kobe akaanza kuona namba zikipanda. Themanini na mbili. Themanini na nane. Tisini na moja.

Hapo mtu mwenye kichwa angepiga simu. Angesema: mwanangu, nimekosea, tusimamishe, nirudishe namba chini, tuanze upya, muda bado upo. Simu ilikuwa mfukoni. Lakini alikwishajipiga kifua mara nyingi mno, na mficha uchi hazai. Akatazama kushoto na kulia, akaona sinia la chai. Akapiga magoti mbele ya lile sanduku, akaanza kulipepea.

Joto likashuka hadi themanini na tisa. Lo! Kumbe inawezekana! Akapepea kwa nguvu zaidi. Mkono wa kulia ukachoka, akahamia wa kushoto. Wa kushoto ukachoka, akashika kwa miwili. Jasho likamwingia machoni, miwani ikamteleza, magoti yakalia. Akipumzika kidogo tu, namba zinaruka juu.

Bibi akafumbua jicho moja. "Nilipokuwa nakutuma kupepea jiko la mkaa ulikuwa unakimbia," akasema. "Umeona Mungu alivyokurudisha?"

"Mama, nisaidie hata kwa feni dakika moja."

"Ongeza mwendo, Kobe!" akasema Bibi, akalifumba tena.

Ndivyo binti alivyowakuta. Mlango ukafunguka, akasimama na mkoba begani: bibi yake anapunga upepo kama malkia, baba yake yuko magotini mbele ya kompyuta anaipungia sinia kwa mikono miwili, shati limemganda mgongoni.

"Baba. Unafanya nini?"

"Naipepea."

"Kwa nini?"

"Ina joto."

Kioo kikawa buluu chote, kikaandika maneno meupe ambayo hakuna aliyeyasoma, kikazimika.

Binti hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alikaa sakafuni karibu na baba yake, akangoja mashine ipoe, akaiwasha, akafungua picha zilizokwishaiva. Za mwanzo zilikuwa nzuri. Zilizofuata zilikuwa na viraka vyeusi vya mraba katikati ya sebule ya mteja, na kitandani, na kwenye ngazi, kila mahali prosesa ilipokosea hesabu kwa joto. Akazipitisha mojamoja, na Kobe akazitazama zote, hakujiruhusu kugeuza uso.

"Ulisema umeipima."

"Niliipima na feni ya Bibi."

"Mafua je?"

"Sijawahi kuugua mafua mimi," akasema Bibi.

Binti akanakili michoro yake kwenye kidude cha kuhifadhia, akampigia rafiki yake. "Nakuja hapo kwenu sasa hivi, nahitaji mashine." Akasimama. Kobe naye akasimama, anatafuta funguo za gari mfukoni. "Nikupeleke, mwanangu?"

"Hapana, baba," akasema binti, na hakusema kwa ubaya. "Leo nina haraka."

Akatoka. Kobe akabaki amesimama na funguo mkononi. Kutaniwa alitaniwa na abiria maisha yake yote, na hakuna hata mara moja aliyoumia. Hii iliuma. Akakaa chini, akajitazama alivyo, sinia lipo miguuni. Mbio za sakafuni huishia ukingoni, na yeye hata kukimbia hajui! Alitaka mtoto asihame, na sasa amemsukuma hadi mlangoni kwa sinia la chai, na kwenye ile meza ya mjini amemkalisha mwenyewe. Alilia kidogo. Bibi akaigeuza feni, ikampuliza mwanawe, na hakumtania tena.

Jua lilikuwa linazama binti aliporudi. Kazi ilikuwa imepita salama, mteja na mkewe wamegombana kidogo tu juu ya rangi ya mapazia. Akavua viatu, akakaa kwenye kiti chake, lakini alikigeuza kumwelekea baba yake.

"Kwa nini hukuniuliza, baba? Ulisikia naongea na simu, sivyo?"

"Nilisikia."

"Sasa kwa nini hukuniuliza?"

"Niliogopa ungenijibu," akasema Kobe.

Akaokota sinia sakafuni, akalifuta kwa kiganja.

"Nilisikia kompyuta inakuchosha. Nikasema ikipata mwendo, utakaa."

"Mimi sihami kwa sababu ya kompyuta. Pale kuna watu wa kazi yangu. Hapa nikikosea ukuta, nani ataniambia?"

"Mimi nakukosoa kila siku!"

"Wewe unakosoa vyoo tu, baba."

"Choo mkabala na jiko hakifai!"

"Kweli hakifai," ikaja sauti ya Bibi kutoka chumbani, na wote wawili wakacheka, ingawa Kobe cheko lake lilikwamakwama.

"Nimeahirisha kuhama muda wote huu," binti akasema akishajifuta macho. "Unajua ni nini kilichokuwa kinanishika? Hiyo chai. Nilikuwa nalalamika kwa rafiki yangu kwamba picha moja nusu siku, halafu nasukuma kiti na kukuita. Siku hizi mbili tatu nimefanya kazi kama punda, sijasikia hata hadithi moja."

Kobe akainamisha kichwa. Ngazi nne! Amepanda ngazi nne kwa magoti mabovu, kumbe alikuwa anaelekea mlangoni.

"Kuhama nitahama, baba. Lazima. Lakini kule mashine zipo, hii naiacha hapa. Irudishe ilivyokuwa. Jumamosi nitakuwa nakuja na picha zangu kubwa, nizipikie hapa."

"Zitachelewa."

"Ndiyo," akasema binti.

Akahama. Kobe alimpeleka yeye na masanduku yake, na safari hiyo hakuna aliyetaja konokono. Ijumaa iliyofuata akavaa miwani, akaingia kwenye ukurasa wa mipangilio, akairudisha namba palepale kiwanda kilipoiacha, na umeme vilevile. Alikuwa anataka kutoka. Kidole kikabaki hewani. Akaitazama ile namba. Akageuka kuona kama Bibi yupo karibu. Kisha akaishusha ngazi moja chini ya ile ya kiwandani, akafikiri, akaishusha nyingine.

Akaipima kama mtu mwenye adabu: jua la mchana, mfuniko umefungwa, feni iko kwa mwenyewe. Ikapita bila hata kutoa jasho. Alipomweleza Mama Waya, fundi alidondosha bisibisi. Alisema miaka yote ya ufundi hajawahi kuletewa kesi ya mtu kupunguza.

Jumamosi binti akaja, akaweka picha yake jikoni, akasukuma kiti nyuma. Sanduku likaanza kuvuma, taratibu, kwa heshima. Chai ikanywewa. Ikaongezwa, na Kobe akaianza hadithi yake ya konokono. Bibi akatoka na kikombe chake. Binti akakitupia kioo jicho, akaona mstari wa maendeleo umesogea kiasi cha ukucha. Akasogeza kichwa, akasoma namba ndogo ya mwendo kwenye kona. Akaisoma tena. Kisha akamgeukia baba yake, ambaye kwa wakati ule alikuwa anaichunguza saa ya ukutani kama hajawahi kuiona.

"Baba, hii mashine naona imezeeka."

"Imezeeka sana, mwanangu."

Binti alikipa kioo mgongo, akakunja miguu kitini, akanyoosha kikombe. "Haya. Na yule konokono, mwishowe alipita?"

Kobe akachukua birika. "Subiri kwanza," akasema. "Hatujafika hata kwenye kona."